Ukingo wa Kidole cha Mwisho

Klamath Falls, Oregon
3 Septemba 1978

Kwa Baba Mkubwa Harlan,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba nyonga ya Mama Mkubwa Vesta imetulia kidogo tangu ile barua yako ya Pasaka. Sisi huku hatujambo. Joto limekausha viazi vya watu mashambani, mimi bado niko maktaba, na Roland anawasalimu. Asante kwa maua mliyotuma siku ya kumzika Mama. Niliyaweka karibu na kichwa chake, mahali ambapo angeyaona kama angekuwa anaona.

Nimechukua miezi mitatu kabla ya kuthubutu kufungua vitu vyake. Wiki iliyopita nikafika kwenye cherehani. Chini ya droo ya nyuzi kulikuwa na mfuko wa unga umeshonwa pande zote nne, na ndani yake kisu.

Wewe ndiye uliyenitia ugonjwa huu, uliponitumia kisu cha kwanza nikiwa na miaka kumi na sita, kwa hiyo utanivumilia. Sasa ninavyo arobaini na kimoja, na Roland anasema nyumba inafanana na bucha isiyo na nyama. Lakini hiki sikielewi. Ni kisu cha kuwindia, bapa inchi tano, chuma kimepata rangi ya kijivu, wala sijakisugua. Chapa ni ya kiwanda chenu, ile ya zamani isiyo na jina la jimbo chini yake. Mpini ni visahani vya ngozi vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na mbele kuna pete tatu za plastiki: nyekundu, nyeusi, njano. Kitako ni cha alumini. Na kuna jambo la ajabu: kisahani cha mwisho, kabla ya kitako, hakikusuguliwa kikawa sawa na wenzake. Kimeachwa kimetokeza kama ukingo mdogo. Ukikishika, kidole chako cha mwisho kinakaa hapo.

Mama alichukia visu maisha yake yote, unajua. Vyangu hakuvigusa. Kwa nini akashona kimoja ndani ya mfuko? Nakutumia mchoro niliouchora kwa kukizungushia penseli. Niambie ni cha mwaka gani na cha nani.

Mwanao,
Ardith

*

Tamarack Falls, New York
20 Septemba 1978

Mwanangu Ardith,

Marahaba. Barua yako imefika na tumefurahi. Vesta anatembea kwa fimbo na anaitumia zaidi kunielekeza mimi kazi kuliko kutembelea. Miti imeanza kugeuka rangi. Juzi kanisani kulikuwa na karamu ya samaki na Mchungaji akala vipande tisa, watu walihesabu.

Kuhusu kisu: ni cha kawaida. Chapa isiyo na jina la jimbo ilikoma mwaka arobaini na mbili, kwa hiyo weka 1938 au 1939. Tulitengeneza maelfu. Huo ukingo ni kosa la mwanafunzi aliyechoka kusugua. Mama yako alikuwa akifanya kazi chumba cha kufungasha kabla ya vita, nadhani alipewa kisu chenye kasoro wakati wa Krismasi, kama walivyopewa wengi.

Hakina thamani kwa wakusanyaji. Usikipeleke kwenye maonyesho watu wakakucheka. Ukitaka, nitumie mimi, nitakutafutia kizuri zaidi badala yake.

Vesta anasema ule vizuri. Roland msalimie.

Baba yako mkubwa,
Harlan

*

Klamath Falls
16 Oktoba 1978

Kwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Huku mvua imeanza na paa la jikoni linavuja mahali palepale pa mwaka jana. Mimi ni mzima.

Nilikipeleka kwenye maonyesho ya Medford. Usinikasirikie. Wewe mwenyewe uliniandikia zamani: "Soma kisu kuanzia kwenye mpini. Chapa inasema kiwanda kilitaka nini, mpini unasema mtu alifanya nini." Safari hii wewe umenisomea chapa tu, na hilo ndilo lililonitia shaka.

Kule yuko mzee kutoka Idaho, Wendell Tuttle, ambaye hakusanyi kitu kingine ila kazi za kiwanda chenu. Nilipoweka kisu mezani alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Akasema, "Mama, umempata Bwana Kidole." Nikamuuliza Bwana Kidole ni nani. Akasema hakuna ajuaye. Ni jina walilompa wao kwa sababu ya huo ukingo. Akafungua sanduku lake, akanionyesha viwili vingine vyenye ukingo uleule, na anajua vingine saba vilivyo kwa watu.

Alinieleza hivi. Bapa ni la kabla ya vita, kweli. Lakini ile plastiki ya njano haikufika kiwandani mpaka mwaka hamsini na tatu. Anayo karatasi ya mzigo. Kwa hiyo hiki ni kisu cha kopo. Wewe unajua maana yake, Baba Mkubwa, mimi ndiye niliyekuwa sijui: fundi anatoka kiwandani na bapa la zamani ndani ya kopo la chakula, kesho kutwa anatoka na pete, na mwisho anaunga kisu nyumbani kwake. Wakusanyaji wasiojua huamini chapa na kukosea miaka kumi na tano. Naona ulitaka na mimi nikosee.

Tena si hilo tu. Mojawapo ya visu vya Tuttle kina kinga ya mkono ambayo kiwanda kilianza kuitumia mwaka 1974. Bwana Kidole alikuwa akifanya kazi miaka minne iliyopita. Wewe ulistaafu mwaka 1975, na ulikuwa msimamizi wa chumba cha mipini. Huwezi kunambia humjui.

Ni nani, na kisu chake kilifikaje kwa mama yangu?

Ardith

*

Klamath Falls
28 Novemba 1978

Kwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Wiki sita hujajibu. Siku ya Sikukuu ya Shukrani nilipiga simu na Mama Mkubwa akasema umekwenda msituni. Nikamwambia theluji imefika magotini kwenu, redio imesema. Akasema, "Ndiyo," kisha akaniuliza nimeoka pai gani. Nilisikia mtu mwingine akipumua kwenye laini, nikakata.

Nimekumbuka jambo. Mama alikuwa mara moja moja anacheka, wala hakuwa mtu wa kucheka, akisimulia jinsi Baba alivyogombana na msimamizi kwa ajili ya kidole kimoja. Nilikuwa nadhani ni mzaha wa watu wazima. Alisema Baba aliteleza mkono akichuna kulungu, na tangu hapo hakutaka kuunga mpini usio na mahali pa kidole cha mwisho, na msimamizi alikuwa akimrudishia kazi kila Jumamosi.

Niliambiwa kwamba baba yangu, Emmett Sundeen, alipotea msituni siku ya kwanza ya kuwinda kulungu, Novemba 1951, nikiwa na miaka minne, na kwamba mlitafuta siku tisa. Niliambiwa pale makaburini kuna jiwe tu, maana mwili haukupatikana. Sisi tuliondoka kiangazi cha hamsini na nne, ghafla, hata mwanasesere wangu tulimwacha.

Plastiki ya njano ilifika mwaka hamsini na tatu.

Nakuuliza mara moja tu. Baba yangu alikufa?

Ardith

*

Tamarack Falls
14 Januari 1979

Mwanangu Ardith,

Vesta hajambo na mimi sijambo. Theluji imezika uzio. Nimeandika barua hii mara nne, na tatu nimezitia jikoni motoni. Simu siwezi, laini yetu ni moja kwa nyumba nne, yeyote akiinua simu anasikia, na kuna nyumba moja kati ya hizo, utaona kwa nini.

Hapana. Hakufa. Yuko hai leo ninapoandika. Nilimwona Jumamosi, ana kikohozi lakini anakula.

Sasa nitakwambia yote, wala usinikatize, ingawa najua ungependa.

Baba yako alirudi kutoka vita vya Pasifiki mwaka arobaini na tano akiwa na mikono yote na miguu yote, na watu wakasema ana bahati. Kazini alikuwa mzuri kuliko sisi sote. Lakini ilikuwa huwezi kumgusa begani. Kengele ya mchana ikilia alikuwa chini ya meza kabla haijanyamaza. Tulicheka mwanzoni. Mungu atusamehe, tulikuwa tunaangusha koleo makusudi ili tumwone akiruka.

Oktoba 1951, Jumamosi mchana, alikuwa jikoni kwenu ananoa kisu. Wewe ulimnyemelea kwa nyuma umzibe macho, mchezo wa watoto. Alipopata fahamu ulikuwa chini, goti lake liko kifuani pako na kisu kiko kooni. Kovu lililo chini ya kidevu chako si la mlango wa jiko la kuni. Mama yako alikuambia jiko. Hukulia, ndicho anachokisema Emmett kila mara. Ulimtazama tu.

Alikuja kwangu siku hiyohiyo, akaniambia, "Harlan, safari nyingine sitaamka kwa wakati." Alitaka kujiua. Mimi ndiye niliyempa wazo lingine, na mpaka leo sijui kama nilimpa lililo bora. Nilimwambia: kufa bila kufa. Baba mkwe wangu alikuwa na kibanda cha wakata miti nyuma ya mlima, hakuna njia ya gari. Siku ya kwanza ya kulungu tuliingia msituni wawili, nikatoka peke yangu. Mama yako atapata pensheni ya mjane na amani. Yeye atapata mahali pasipo mtu wa kumdhuru.

Watu mia mbili walikuja kutafuta. Nilikuwa sikutegemea hilo, tazama nilivyokuwa mjinga. Wanakuja na supu na taa na mbwa, nami ndiye ndugu, wananiuliza, "Harlan, alielekea wapi?" Ili wasiende mlimani niliwaonyesha upande wa bwawa. Siku ya saba Orrin Engstrom, miaka ishirini na miwili, alitembea juu ya barafu kwa sababu mimi nilinyoosha kidole. Barafu ya Novemba, bado nyembamba. Tulimtoa kesho yake.

Mama yake ni Hulda. Ana miaka themanini na minane. Anakaa kiti cha mbele yangu kanisani, na kila Jumapili kwa miaka ishirini na saba nimeimba nikitazama kisogo chake. Nyumba yake ni mojawapo ya zile nne. Nadhani ndiye uliyemsikia akipumua.

Yale mengine unaweza kuyaunga mwenyewe, kazi hiyo unaiweza. Nilimpelekea mabapa yaliyokataliwa, ngozi, pete, ndani ya kopo langu la chakula. Alikuwa hawezi kukaa bila kazi. Visu nilivitawanya kwenye maduka ya Pennsylvania, vikamrudishia unga na mafuta ya taa. Majira ya kuchipua ya hamsini na nne alinipa kimoja, akaniomba nikiweke kwenye ngazi ya mlango wa mama yako bila neno. Nikakiweka. Mchana alikuja mama yako langoni pa kiwanda, akanishika mkono mbele ya watu. Miaka sita alifungasha visu, alijua ngozi. Akasema, "Hii haina hata mwezi tangu ikatwe." Akaniuliza, "Anarudi?" Nikasema hapana. Akaniuliza, "Anataka nijue kwamba harudi, ndiyo maana ya hiki?" Julai mkaondoka.

Hakunisaliti hata siku moja. Nilikuwa namwogopa mama yako kuliko sherifu.

Siri ya mtungi aijuaye ni kata, Ardith, na kata yenyewe imechoka.

Harlan

*

Klamath Falls
29 Januari 1979

Baba Mkubwa,

Shikamoo, maana wewe bado ni mkubwa wangu.

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaenda kazini nikapanga vitabu mahali si pake siku nzima. Nimekasirika kiasi kwamba sijui nianzie kwa nani. Kwa Mama, aliyenitia kitandani kila siku huku akijua. Kwako, uliyekuwa unaniandikia kila Krismasi juu ya pai na Mchungaji. Miaka kumi na mitano nimekuwa nikinunua visu vya watu nisiowajua na kuvishika gizani ili nijue mkono wa baba yangu ulikuwaje, na wewe ulikuwa ukimpelekea unga kila Jumamosi.

Na mimi nimekudanganya. Roland aliniacha Mei. Nilikuwa naandika salamu zake kwa sababu sikutaka kuandika kwamba nyumba hii ina mtu mmoja.

Nakuja Aprili, njia zikifunguka. Tafadhali msomee haya yafuatayo, kama yalivyo:

"Baba. Mimi ni Ardith. Sikumbuki jikoni, sikumbuki kisu, na sitaki uniombe radhi kwa kitu nisichokikumbuka. Nakumbuka harufu ya ngozi na mtu mrefu aliyekuwa akinibeba kwenye mkono wa kushoto. Mama amefariki. Kisu chako alikishona ndani ya mfuko wala hakukitupa. Najua Orrin Engstrom alikufa akikutafuta, na hata hivyo mimi nakuja kukutafuta. Ukiniambia niondoke nitaondoka, lakini utaniambia uso kwa uso."

Ardith

*

Tamarack Falls
25 Februari 1979

Mwanangu,

Nimefanya kosa, na kosa lenyewe nimelifanya kwa kukutii.

Jumamosi ya tarehe kumi nilivaa viatu vya theluji nikapanda. Nilimkuta anakata visahani. Nikasimama karibu na dirisha nikamsomea barua yako kama ulivyoagiza, neno kwa neno. Mimi si msomaji. Nikisoma kwa sauti sijui ninachosoma mpaka kimeshatoka. Nikapita pale pa mama yako, naye akaweka chini mundu mdogo wa kukatia ngozi. Nikaendelea. Nikatamka jina la Orrin na ndipo nikasikia nilichosema.

Ardith, alikuwa hajui. Sikumwambia. Nilimwambia walitafuta siku tisa wakachoka. Nilifikiri, mtu huyu anabeba kisu kilichokaa kooni kwa mwanawe, ya nini nimwongezee? Mimi nilinyoosha kidole, mimi nitabeba.

Akasema, "Nani alikufa?" Nikajifanya nakohoa. Akasema tena, "Harlan, nani alikufa?" Mara ya tatu nikamwambia yote: bwawa, barafu, kamba tuliyomtolea. Hakupiga kelele. Akanawa mikono, akaikausha kidole kimoja kimoja. Akasema, "Nenda nyumbani. Vesta atakuwa ameshapika."

Jumamosi iliyofuata dhoruba ilinizuia. Jana nimefika. Jiko baridi, blanketi limekunjwa, vifaa vyake vyote vimepakwa mafuta na kufungwa kwenye kitambaa. Mezani hakuna karatasi. Theluji imefunika nyayo. Nimeita mpaka sauti ikakauka.

Sijui la kufanya. Nimekwenda hadi ofisi ya sherifu nikakaa garini. Ningemwambia nini? Kijana wa zamu hakuwa amezaliwa mwaka ule. Angenichukua mkono akanipeleka makaburini akanisomea jiwe: Emmett Sundeen, 1916 hadi 1951. Mtu aliyekwisha kupotea hapotei tena. Hakuna fomu yake.

Vesta analia, amekataa kusema nami. Usije.

Harlan

*

Klamath Falls
3 Machi 1979

Baba Mkubwa,

Leo sina habari za nyumbani.

Fomu itapatikana. Wewe nenda kwa Mama Hulda Engstrom kwanza, umwambie kwa mdomo wako, kisha nenda kwa sherifu. Kama yuko msituni na miaka sitini na miwili na kikohozi chake, kila siku unayokaa garini ni siku yake, si yako.

Usipokwenda mpaka Jumapili ijayo nitapiga mwenyewe simu kwenye laini yenu na kusema kila kitu, nyumba zote nne zisikie.

Nakuja. Sikukuomba ruhusa.

Ardith

*

Tamarack Falls
12 Machi 1979

Mwanangu Ardith,

Barua yako ilifika Jumamosi. Jana baada ya ibada nilikwenda.

Nakuandikia kama ilivyokuwa kwa sababu wewe ndiye uliyenituma. Hulda alikuwa jikoni anamenya viazi. Nilisikia shoka nyuma ya nyumba, nikadhani ni mwanawe Lowell. Hakuinua kichwa. Akasema, "Vua kofia, Harlan. Sema."

Nikasema. Nilianza na kengele ya kiwanda, nikamaliza na barafu, na kidole changu nilichokinyoosha nikamwonyesha, sijui kwa nini. Viazi vilikwisha akaanza karoti.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama Hulda."

"Miaka ishirini na saba unaimba kisogoni pangu. Sauti mbaya namna ile, na uongo juu yake."

"Ndiyo, mama."

"Umechelewa. Inakaribia wiki nne sasa, Jumanne, kulikuwa na mzee hapo ulipo wewe, theluji mpaka ndani ya ndevu. Akasema, mimi ni Emmett Sundeen. Nikajua saa yangu imefika, wamemtuma yeye anichukue. Nikamwambia, kama wewe ni kifo, kwanza futa viatu."

Nilitazama viatu vyangu.

"Akafuta," akasema Hulda. "Akaniambia amesikia habari za Orrin siku tatu tu zilizopita, na hakuja kuomba msamaha maana hajui huwa unaombwaje. Akauliza ni kazi gani imekaa bila kufanywa tangu mwanangu aondoke. Nikamwambia kuni. Lowell mgongo wake mbovu, na watu wa kukodi wanapasua nene."

"Kwa hiyo yuko..."

"Masikio yako hayasikii shoka?"

"Umemsamehe, Mama Hulda?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Nimesema nimemsamehe? Nimesema anapasua kuni. Analala chumba cha Orrin kwa sababu ndicho kitanda kilichobaki. Usiku anapiga kelele, na mimi kwa umri huu silali, kwa hiyo hatusumbuani. Nikitaka kupita nyuma yake nagonga ukuta kwa mwiko."

"Na mimi je?"

"Wewe utafute kiti kingine kanisani."

Nikatoka nyuma. Alikuwa amenipa mgongo, koti ni la Lowell. Nikaita jina lake nikiwa mbali. Akageuka, akaniambia gogo lile la mbele yangu ni la mti wa sukari, ni gumu, nimsaidie kulishika. Nikalishika. Tukaendelea hivyo mpaka giza lilipoanza. Nililia kidogo nikasingizia upepo.

Leo asubuhi nilikwenda kwa sherifu. Kijana alifungua kitabu, akafunga, akamwita mkubwa wake. Sijui watanifanya nini na sitakuficha nikijua. Vesta ameanza kusema nami, ametaja chumvi.

Emmett anakuandikia hapa chini. Amekaa na kalamu tangu saa nne, nami natoka nje nisimtazame.

Baba yako mkubwa,
Harlan

Ardith,

Mimi ni baba yako. Kaka anasema una miaka thelathini na mmoja na unafanya kazi kwenye vitabu. Nimefurahi. Kuni za hapa zitakwisha Mei, baada ya hapo sijui.

Mama Hulda anasema uje. Ukija, simama kwanza mlangoni nikuone. Halafu ingia.

E. Sundeen